Fyuzi Juu, Breka Chini: Jinsi ya Kusoma Jedwali la Jozi

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa tatu huko Nyali, Mombasa. Mwenyewe hakuwa na shida ya stima, alitaka tu nimwongezee saketi mbili za eyakondisheni. Nilipofungua bodi ya ghorofa ya pili nikakuta breka za kampuni tatu zimepangwa kwenye reli moja, nyeupe, kijivu na nyingine nyeupe iliyogeuka manjano, kama meno ya mzee aliyetiwa ya bandia kwa awamu. Zote zimeandikwa 6000 ndani ya kisanduku kidogo. Na nyuma ya jengo, kwenye kibanda cha mawe ya matumbawe, kuna transfoma yao wenyewe ya 630 kVA.

Hapo nikaweka bisibisi chini. Ile 6000 ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata bila kupasuka. Haihusiani na 16 au 32 unazosoma pembeni yake, ambazo ni mzigo wa kila siku. Sasa, transfoma kubwa kama ile ikiwa karibu, shoti inaweza kuleta zaidi ya ampea 6,000. Breka itafanya nini?

Kuna majibu mawili tu ya halali. La kwanza ni kung'oa na kuweka breka zenye uwezo wa kutosha zenyewe, 10,000 au zaidi. La pili ni kuweka juu yake kilinzi chenye nguvu zaidi, fyuzi au breka kubwa, ambacho kimepimwa maabara pamoja na breka ileile ya chini, na wawili hao wakathibitishwa kuhimili shoti kubwa kuliko breka peke yake. Matokeo ya vipimo hivyo huchapishwa kwenye jedwali. Mimi naliita jedwali la jozi. Kwenye katalogi za Ulaya litafute chini ya bakapu (back-up) au kaskeding (cascading). Ukikutana na mashine iliyoshushwa Kilindini kutoka Marekani, jedwali lake litaitwa siriz reting (series rating). Fikra ni moja, masharti yanatofautiana kidogo, nitayataja yanapohusu.

Kabla hujaendelea: kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na fyuzi ya Kenya Power iliyo na sili si yako hata ikiwa iko ukutani kwako.

Hatua ya 1: Jua shoti ni kubwa kiasi gani, kila mahali penye breka

Usianze na jedwali. Anza na transfoma. Soma kibao chake, utafute kVA, yaani ukubwa wake, na asilimia ya impidansi, yaani jumla ya upinzani wake kwa mkondo, ambayo huandikwa Z au uk. Kama transfoma ni ya barabarani, waulize wenyewe, usikisie.

Pale Nyali kibao kilisema 630 kVA na asilimia 5. Hesabu yake:

630,000 ÷ (1.732 × 415) = ampea 876
876 ÷ 0.05 = ampea 17,500

Hizo 17,500, yaani kiloampea 17.5, ndizo shoti ya fezi zote tatu kwenye miguu ya transfoma. Kebo ikishaingia, zinapungua. Kutoka transfoma hadi bodi kuu kulikuwa na mita 20 za shaba ya milimita 150 za mraba. Kutoka bodi kuu kupanda ghorofa ya pili, mita 25 za milimita 35.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, na mimi nilikosea miaka kadhaa. Unachukua impidansi ya transfoma, unaongeza ya kebo, unagawanya. Inaonekana sawa. Lakini impidansi ya transfoma karibu yote ni ya sumaku, na ya kebo nyembamba karibu yote ni ya ukinzani wa shaba. Vitu hivyo viwili havijumlishwi kama machungwa. Unajumlisha ukinzani peke yake, sumaku peke yake, halafu unatafuta mzizi wa jumla ya miraba yao, kama ule upande mrefu wa pembetatu mraba wa darasani.

Kwa namba za Nyali, kwa miliomu (elfu moja ya omu): transfoma ina ukinzani kama 2.8 na sumaku 13.4. Kebo nene inaongeza 2.5 na 1.6. Kebo ya ghorofani inaongeza 13.1 na 2.0. Jumla ghorofani ni 18.4 na 17.0, ambazo zinazaa impidansi ya miliomu 25. Volti 240 za fezi moja ukigawanya kwa miliomu 25 unapata kama kiloampea 9.6. Ukijumlisha kienyeji utapata kiloampea 8 tu. Angalia kosa lilikoelekea: linakuambia shoti ni ndogo kuliko ilivyo. Kosa la upande huo ndilo linalopasua breka.

Tumia ukinzani wa shaba ikiwa baridi, wa nyuzi 20, kwa sababu shoti mbaya zaidi hutokea kebo haijapata moto.

Basi nikawa na namba mbili: kwenye bodi kuu, kiloampea 15; ghorofa ya pili, 9.6. Ziandike kwenye karatasi, kila bodi na namba yake. Bodi iliyoko mwisho wa kebo ndefu inaweza kuwa na 3 tu, na hapo breka za 6000 zinatosha peke yake na huna haja ya jedwali lolote.

Hatua ya 2: Soma majina yaliyoandikwa kwenye vyuma

Chukua tochi na simu, piga picha. Unatafuta vitu hivi: kampuni, namba kamili ya modeli, idadi ya poli, ampea, herufi ya mkunjo (B, C au D, inayoonyesha breka inavumilia mkondo wa ghafla kiasi gani kabla ya kukata), na uwezo wa kukata. Breka za nyumbani za kiwango cha kimataifa cha IEC 60898 huandika uwezo kwa ampea ndani ya kisanduku, 6000 au 10000. Breka kubwa za kiwango cha IEC 60947-2 huandika Icu (shoti kubwa kabisa inayoweza kukatwa) na Ics (ile inayoweza kukatwa na breka ikaendelea na kazi) kwa kiloampea, na mara nyingi huwa na namba tofauti kwa kila volti. Soma iliyo mbele ya 415. Nimeshaona mtu akisoma ya 240 kwa sababu ndiyo kubwa na inapendeza.

Kwenye fyuzi tafuta herufi gG, yaani fyuzi ya matumizi ya kawaida, kiwango chake (IEC 60269 au BS 88), ampea na saizi ya mwili. Fyuzi nzuri ya BS 88 ya viwandani hukata kiloampea 80 kwenye volti 415. Ile ya kusuka waya, ambayo bado imo kwenye nyumba za Mji wa Kale na Majengo, nguvu yake ni kati ya kiloampea 1 na 4, kutegemea aina. Hiyo haiwezi kuwa mlinzi wa mtu. Yenyewe inahitaji kulindwa.

Mombasa kuna shida ya ziada. Chumvi ya hewa huchuna maandishi na huotesha ukungu wa kijani kwenye shaba. Kama modeli haisomeki, hesabu kuwa hujui breka ile ni nini. Usiiingize kwenye jedwali kwa kukumbuka sura yake.

Hatua ya 3: Pata jedwali lenyewe

Litoke kwa aliyetengeneza vifaa. Kampuni kama Schneider, ABB na Hager huyachapisha, na watengenezaji wa fyuzi wa Marekani wanayo yao. Angalia mwaka wa toleo na volti iliyoandikwa kichwani. Jedwali la Marekani la volti 480/277 na hezi 60 ni la mashine za huko. Usilitafsiri kwa kichwa ukalileta kwenye 415.

Halafu kuna jambo ambalo nataka ulishike hata ukisahau mengine yote. Jedwali hili huwezi kulihesabu mwenyewe. Linasimama juu ya majaribio: walichukua fyuzi fulani na breka fulani, wakazifunga mfululizo, wakapitisha shoti, wakatazama kama breka imebaki nzima. Ni cheti cha ndoa cha watu wawili wanaojulikana kwa majina. Huwezi kuingiza ndugu wa bwana harusi kwa sababu wanafanana.

Najua mtu atasema mbona kuna grafu za fyuzi. Zamani tulifundishwa njia hii: simama kwenye mkondo wa shoti chini ya grafu, panda hadi mstari wa fyuzi, geuka kushoto, teremka, usome mkondo unaopenya. Ukiwa mdogo kuliko uwezo wa breka, kazi imekwisha. Inavutia kwa sababu ni ya dakika moja. Tatizo ni kwamba grafu ile ilipimwa fyuzi ikiwa peke yake. Nusu mzunguko wa stima yetu ya hezi 50 ni milisekunde 10, na breka ya kisasa huanza kufungua midomo yake ndani ya muda huo. Ikifungua, cheche inayowaka baina ya midomo inakuwa ukinzani mpya na mkondo unashuka. Mkondo ukishuka, fyuzi inachelewa kuyeyuka. Kwa hiyo breka inabaki imeshika moto kwa muda ambao grafu haikuuhesabu. Breka ya kisasa ikisaidia, inamchelewesha mlinzi wake. Hakuna kalamu inayokuonyesha hilo, ni maabara tu.

Hatua ya 4: Soma kisanduku

Kilinzi cha juu kwa kawaida kiko upande mmoja wa jedwali, breka ya chini upande mwingine. Mahali wanapokutana kuna namba ya kiloampea. Tuseme, kwa mfano tu, fyuzi ya gG ya 100 na breka yako ya 6000 zinakutana kwenye 25. Maana yake: breka ile, ikiwa nyuma ya fyuzi ile, inaruhusiwa mahali penye shoti hadi kiloampea 25.

Sasa jiulize maswali mawili, na yote lazima yajibiwe ndiyo. Je, namba ya kisanduku ni kubwa kuliko shoti mahali *breka ya chini* ilipo? Ghorofani kwetu ni 9.6, kwa hiyo 25 inatosha. Je, kilinzi cha juu, kikiwa *peke yake*, kinahimili shoti mahali kilipo? Kwenye bodi kuu ni 15, na fyuzi ya kiloampea 80 haina wasiwasi. Swali la pili husahaulika sana pale kilinzi cha juu kinapokuwa breka badala ya fyuzi. Jedwali humwinua wa chini. Wa juu halimpi kitu.

Kisanduku kitupu maana yake hakuna jozi. Hakisemi sifuri wala hakisemi chochote kinafaa.

Ampea za fyuzi kwenye jedwali ni kikomo. Ikiandikwa 100, usiweke 125 kwa sababu ile 100 inakatika Ijumaa jioni wageni wakijaa. Fyuzi kubwa inapenyeza nguvu zaidi kabla ya kukata, na breka ya chini ndiyo inayolipa. Kushuka hadi 80 ya aina ileile kwa kawaida ni salama. Kwa breka juu ya breka, usipande wala usishuke: modeli ni ileile iliyoandikwa.

Ukiwa na walinzi watatu mfululizo, soma jozi kwa jozi. Yule wa chini kabisa lazima awe na jozi iliyoandikwa na mmoja wa walioko juu yake.

Hatua ya 5: Hesabu mota

Pampu, kompresa za vyumba baridi vya samaki, eyakondisheni kubwa. Shoti ikitokea, mota inayozunguka hugeuka jenereta kwa muda mfupi na kuusukuma mkondo wake ndani ya shoti. Kama mota imeungwa kati ya fyuzi ya juu na breka ya chini, mkondo wake haupiti kwenye fyuzi kabisa. Unapita kwenye breka tu. Fyuzi haiuoni, haiwezi kuupunguza.

Kanuni za Marekani, NEC kifungu cha 240.86, zimeweka mpaka: jumla ya mikondo ya mzigo kamili ya mota hizo isizidi asilimia 1 ya uwezo wa kukata wa breka ndogo. Kwa breka ya 6000 ni ampea 60. Sisi hatufuati NEC, lakini fizikia haina pasipoti, na mimi hutumia kipimo hichohicho. Nyali, pampu mbili na kompresa ya jikoni zilikuwa ampea 44. Zile eyakondisheni mpya alizotaka zingeongeza 22. Zikawa 66. Nikamwambia mwenyewe kwamba mzigo huo utalishwa na kebo yake peke yake kutoka bodi kuu, kwa breka yenye uwezo kamili. Alikunja uso kwa bei ya kebo, akakubali.

Hatua ya 6: Amua kama kweli unataka jozi

Jozi ina kasoro moja ya wazi. Shoti kubwa ikitokea, fyuzi ya juu na breka ya chini huenda zikakata zote. Birika la chumba namba 204 likipiga shoti mbaya, ghorofa nzima inaingia giza. Kwa vyumba vya wageni ni kero. Kwa taa za ngazi, pampu ya moto, lifti au chumba cha upasuaji, ni hatari. Huko weka breka zenye uwezo kamili na upange walinzi wachaguane, wa karibu na shoti akate kwanza. Hilo lina majedwali yake mengine, mara nyingi kwenye katalogi hiyohiyo ukurasa wa pili. Usiyachanganye. Nimemsikia fundi mzoefu akisema kwa sauti ya uhakika kwamba "kaskeding inafanya breka ya chini ianguke kwanza". Si kweli, zote mbili huenda zikakata.

Na tofauti ya bei kati ya breka ya 6000 na ya 10000 siku hizi si kubwa. Ghorofani Nyali, 10000 zingetosha zenyewe kwa shoti ya 9.6, ingawa kwa nafasi finyu. Kama bodi ni mpya na breka ni kumi na mbili, mimi hununua 10000 na kulala. Jozi inanifaa pale jengo limeshajaa breka mia za 6000 na mwenyewe hana bajeti ya kuzing'oa.

Hatua ya 7: Nunua kwa jina, na ubishane dukani

Andika modeli kamili kwenye karatasi. Utaambiwa, "Ami, hii na ile ni mamoja, tofauti ni boksi." Mjibu kwa upole kwamba si mamoja, umpe karatasi, na kama hana uende duka jingine. Kagua ufungaji, uzito na uchapaji, maana feki zipo. Fyuzi iliyo nyepesi mkononi kuliko mwenzake huenda haina mchanga wa kutosha ndani, na mchanga ndio unaozima cheche.

Nina sababu ya ukaidi huu. Nilipokuwa bado msaidizi wa kubeba ngazi, tuliitwa jengo moja la Tudor ambako breka iliyoungua ilikuwa imebadilishwa kwa nyingine ya bei rahisi. Jozi ilikuwa imevunjwa bila mtu kujua. Miezi baadaye kebo ikabanwa na mlango wa chuma. Tulikuta mfuniko wa bodi uko sakafuni, upande wa pili wa kibaraza. Breka ilikuwa imepasuka katikati, ukuta una masizi yenye umbo la feni, na kwenye vigae kulikuwa na tembe za shaba ndogo kama mtama, zimeganda. Nilizifagia mimi. Bahati, ilikuwa saa sita usiku na kibaraza hakikuwa na mtu.

Hatua ya 8: Funga kwa nguvu iliyoandikwa

Zima, pima kwa kipimio kwamba kweli pamezimika, kisha safisha shaba. Kaza skrubu kwa toki iliyo kwenye katalogi. Kumbuka pia breka za nyumbani hupimwa kwenye nyuzi joto 30, na bodi ya ukuta wa magharibi Mombasa mwezi Februari huwa na joto zaidi ya hilo, hivyo zitakata mapema kidogo kwa mzigo wa kawaida. Dawa yake ni nafasi baina ya breka na mzigo mdogo. Usiongeze fyuzi.

Hatua ya 9: Bandika lebo

NEC inalazimisha lebo ya onyo kwenye bodi za namna hii. Ibandike hata kama hapa hakuna atakayekulazimisha, na uiandike kwa Kiswahili ambacho fundi wa kesho atakielewa. Yangu pale Nyali inasema hivi:

HADHARI. Breka za bodi hii zinalindwa na fyuzi ya gG 100 iliyoko bodi kuu. Shoti hapa: kiloampea 9.6. Badilisha kwa modeli ileile tu. Usizidishe fyuzi. Usiongeze mota kabla ya kuhesabu.

Chini yake niliandika modeli ya fyuzi na ya breka, toleo la katalogi na tarehe. Tumia plastiki iliyochongwa. Karatasi haimalizi msimu wa kusi.

Hatua ya 10: Baada ya shoti, na baada ya mabadiliko

Fyuzi moja ya fezi ikikatika kwa shoti kubwa, badilisha zote tatu, maana mbili zilizobaki huenda zimeshaungua kiasi ndani. Breka ya chini nayo itoe. Jaribio la Icu huitaka breka ikate shoti hiyo mara mbili tu, na baada yake haidaiwi kuendelea kubeba mzigo wake kama zamani. Inaweza kuwaka na kuzima vizuri kabisa mkononi na bado ikawa imekwisha.

Rudia hesabu ya hatua ya kwanza transfoma ikibadilishwa. Mtaa ukikua, 200 kVA huondolewa ikaja 630, na wewe ndani ya jengo hujagusa hata skrubu, lakini shoti yako inaweza kuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Jenereta ni kinyume: shoti yake huwa ndogo, kwa hiyo jozi haina shida nayo, ila hakikisha fyuzi bado inakatika upesi ikilishwa na jenereta peke yake.

Kazi ya Nyali niliimaliza kwa kufunga mfuko wa plastiki ndani ya mlango wa bodi: breka mbili za akiba na fyuzi tatu, za modeli zilezile za kwenye lebo, pamoja na risiti. Msimamizi wa jengo akaniuliza kwa nini nisimwachie tu namba ya duka. Nikamwonyesha ile breka iliyogeuka manjano, nikamwuliza anamkumbuka aliyeinunua. Hakumkumbuka.